Saa ya Kuluba na Treni ya Kampala

Ukitaka kumchafua Sadiya roho, mwambie neno "kesho". Mafundi wengine wa cherehani pale sokoni Koboko wanaishi kwa neno hilo. Gauni la harusi? Njoo kesho. Sare ya mtoto, na shule ilifunguliwa wiki iliyopita? Njoo kesho, mama, nimebakiza vifungo tu. Sadiya hana kesho. Akikuambia Alhamisi saa nane, wewe njoo Alhamisi saa nane, utaikuta nguo imepigwa pasi, imekunjwa, na mwenyewe anakutazama usoni aone kama umechelewa. Na ukichelewa, ole wako.

Muulize Rejoice wa Kuluba. Yule binti alikuja kuchukua gauni lake la harusi, akafika saa nzima baada ya miadi, akajitetea: "Dada, nisamehe, simu yangu ililala Sudani." Huku kwetu Uganda, mpakani, hayo si maneno ya ajabu. Sudani Kusini wako nyuma yetu saa nzima, Kongo vilevile, na simu ikilala karibu na mpaka, mnara wa jirani huivuta usiku, asubuhi inaamka na saa ya watu wengine. Ndiyo maana mtu wa Kuluba akipewa miadi huuliza kwanza, "Saa ya wapi?" Sadiya mwenyewe amezaliwa Kuluba, haya yote anayajua. Lakini unafikiri alimsamehe? Alimpa gauni lake na kumwambia, "Simu haihami, dada. Kinachohama ni uvivu." Watu wa vibanda vya jirani walicheka mpaka Rejoice akaondoka amejifunika uso.

Sasa mwanamke huyo, na ukali wake wote, ndiye aliyempa baba yake ahadi ya treni.

Baba yake, Mzee Sebit, anakaa Kuluba, nyumba za mwisho mwisho kabla hujagusa Sudani. Ujanani alikuwa kibarua wa reli ng'ambo ya Nile, upande wa Gulu na Lira, enzi zile treni bado inafika Pakwach. Kazi yao ilikuwa nyundo na mataruma, yale magogo yanayobeba reli: wanayang'oa yaliyooza, wanapachika mapya, treni ikija wanaruka pembeni, ikipita wanarudi kugonga. Kwenda kazini walipanda kiberenge, kile kigari cha kusukuma kwa mikono. Behewa la abiria hakulipanda hata siku moja. Halafu treni zikaisha, reli ikaota nyasi, na Sebit akarudi Kuluba kulima muhogo na simsim kama baba zake.

Mwaka huu jicho lake la kushoto likazima. Daktari wa macho kule Arua akasema hiyo ni presha ya macho, la kulia nalo liko njiani, matone yatalichelewesha tu. Sadiya ndiye aliyekuwa anamtafsiria baba yake maneno hayo, na aliyatafsiri yote, hakuficha. Walipokuwa wanarudi, wamefika Dadamu nje kidogo ya Arua, mzee akasema bila kuulizwa na mtu, "Kabla sijaenda, mimi nataka niingie ndani ya treni. Mara moja tu."

Sadiya akageuza uso dirishani, machozi yanamlenga. Moyoni akasema: masikini baba, anataka kuona dunia ikipita dirishani kabla giza halijaingia. Kwa sauti akasema, "Utaingia, baba. Kabla ya Ramadhani." Na kwa Sadiya, kauli ikishatoka ni kitambaa kilichokwisha katwa. Hakiungwi tena.

Treni ya abiria iliyo karibu na sisi ni ile ya Kampala, inayopeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni. Kwa bahati, Sadiya ana rafiki yake Juliet, ambaye zamani walishona pamoja katika duka moja Arua, na siku hizi anakaa Kireka, treni inapita karibu na kwake. Juliet aliposikia habari hiyo alifurahi sana. "Njooni mlale kwangu," akasema. "Asubuhi tunampandisha mzee treni taratibu, mnapumzika, mnarudi." Safari ya watu wenye akili. Ingebaki hivyo, mimi leo nisingekuwa na la kusimulia.

Aliyeiharibu ni Baba mdogo Nasiri. Huyu ni mdogo wake Mzee Sebit, na kila ukoo unaye mtu kama huyu: hana cheo chochote, lakini bila yeye hakuna linalopita. Alikuja kibandani kwa Sadiya, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akaletewa chai, akainywa mpaka nusu. Kisha akakohoa.

"Nimesikia unapeleka kaka yangu Kampala."

"Ndiyo, Baba mdogo. Apande treni."

"Treni ni mzuri. Lakini jua isimchomozee ng'ambo ya mto."

Maneno haya yana mizizi. Baba yao, yaani babu yake Sadiya, alikwenda Bombo, ng'ambo ya Nile, kuwasalimia ndugu. Akalala, jua likachomoza, yeye hakuamka. Akazikwa huko huko, na kaburi lake halina mtu wa nyumbani wa kulifagia. Tangu hapo Nasiri ameweka sheria yake: mzee wa nyumba hii haamkii ng'ambo ya Nile. Avuke, afanye lililompeleka, awe amesharudi upande huu kabla hakujapambazuka.

"Lakini Baba mdogo," Sadiya akajaribu, "akirudi na basi la usiku, si atakuwa amelala huko njiani?"

"Basi ya usiku hapana kulala. Ile ni kuteseka." Nasiri akamaliza chai yake, akageuza kikombe. "Mimi iko na neno moja tu. Jua."

Sasa utaniuliza, kwa nini Sadiya hakwenda kumuuliza baba yake mwenyewe? Jamani, ndiyo mila. Maneno ya wazee humalizwa na wazee. Mtoto, hata awe na mvi kichwani, habebi maneno ya baba mdogo kumpelekea baba yake, ataonekana anawagombanisha. Kwa hiyo Sadiya alimeza, akakaa mbele ya cherehani yake, na kila akikanyaga akawa anaikata safari upya.

Safari ya siku mbili sasa ilitakiwa iingie kwenye siku moja. Watoke Kuluba saa kumi alfajiri kwa bodaboda. Koboko, dereva Kasimiro na spesho yake, gari la kukodi, awe tayari injini inanguruma. Arua, walikamate basi la saa kumi na mbili. Kampala wafike alasiri, wakimbie stesheni, wapande treni ya jioni mpaka Kireka, Juliet awapokee, bodaboda iwarudishe mjini, wadandie basi la usiku, na kabla jogoo hajawika wawe wameshavuka daraja la Pakwach kurudi kwao. Kati ya basi na treni kulibaki kama saa moja. Kati ya treni na basi la usiku hata saa haikufika. Foleni ya Kampala hakuitia kabisa kwenye hesabu, maana angeitia, safari isingekuwepo.

"Sadiya," Juliet akamwambia kwenye simu, "wewe unamshonea mtu mnene suruali kwa kitambaa cha mtoto."

"Itamtosha. Nimepima."

"Na ikipasuka?"

"Mimi nguo zangu hazipasuki," akasema, akakata simu. Wiki tatu nzima alikuwa akilala anahesabu basi, anaamka anahesabu treni. Akikuta bodaboda mbili zimesimama njiani zinapiga soga, anakasirika, utadhani ni yeye zinayemchelewesha. Aliwagombeza wateja, akamgombeza muuza chai, akamgombeza hata Kasimiro kwa kosa ambalo Kasimiro hajalifanya bado.

Jumatano jioni alifunga kibanda, akaenda kulala Kuluba ili asubuhi asipoteze muda. Tangu mama yake afariki alikuwa hajawahi kulala pale, anakuja mchana na kuondoka mchana. Alimkuta mzee ameshatundika kanzu nyeupe ukutani, viatu vimepakwa rangi, kofia iko juu ya redio.

"Tunatoka saa ngapi?" mzee akauliza.

"Saa kumi, baba."

Wakala. Mzee akanawa mikono, akasema, "Saa ngapi ulisema?"

"Saa kumi, baba. Nimeshatega simu, italia."

Sadiya alikuwa anakunja blanketi la kumfunika mzee kwenye basi, kichwani mabasi yanapishana, ndipo sauti ikatoka tena pale kwenye kiti: "Saa kumi ya wapi?"

Loo! Hapo ndipo alipopasuka. "Baba! Saa ni kazi yangu mimi! Usiniulize saa tena, tafadhali. Kazi yako wewe ni kupanda tu. Mimi nikisema twende, tunakwenda."

Mzee alimtazama na lile jicho lake moja. "Haya, mama yangu," akasema. "Saa ni yako." Akaingia kulala.

Simu ililia. Sadiya akaruka, akanawa uso, akafunga kilemba, akatoka nje akiwa na furaha ya mtu anayejua hajachelewa. Akamkuta baba yake ameshavaa kanzu na kofia, amekaa kitini na bakora yake mkononi. Pembeni Lemi, kijana wa bodaboda, alikuwa amelalia usukani wa pikipiki yake.

"Baba, umeamka zamani?"

"Zamani kidogo."

"Mama," Lemi akasema akipiga mwayo, "mimi nilidhani mmeahirisha."

"Mimi siahirishi. Washa pikipiki." Huyu naye, akawaza Sadiya, mtu kawahi dakika mbili anataka asifiwe.

Wakapanda, mzee katikati, Sadiya nyuma amemkumbatia yeye na mfuko. Njia ilikuwa nyeupe, baridi nzuri, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu hakuhesabu kitu. Walipokuwa wanaingia Koboko mjini, akasikia msikitini mwadhini anaita watu kwenye swala ya alfajiri.

"Huyu mwadhini leo ana nini?" Sadiya akasema. "Hata saa kumi na moja haijafika, anaadhini!"

Lemi alicheka mpaka pikipiki ikayumba. "Mama, simu yako imelala Sudani!"

Sadiya akaichomoa simu. Mnara wa mjini ulikuwa ndiyo kwanza unaikamata, na pale pale mkononi mwake, mbele ya macho yake, saa ikaruka mbele saa nzima bila hata aibu. Akamkumbuka Rejoice na gauni lake, akatamani ardhi impasukie.

"Lemi! Wewe ulifika saa ngapi?"

"Saa kumi ya Uganda, mama. Nikataka kubisha hodi. Mzee akasema tulia, mwenye saa amelala."

"Baba! Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nalala! Kwa nini hukuniamsha?"

"Ulisema nisiulize saa tena," mzee akajibu, na hakuwa na kejeli hata chembe, ndilo lililomuuma Sadiya zaidi. "Nikasema labda umepanga vingine. Lemi, simama hapo msikitini, niswali."

"Baba, tumechelewa!"

"Ndiyo. Lakini sasa ndiyo saa ya swala."

Na mzee wa umri ule haswali mbio. Alitia udhu kwa utaratibu, kidole kwa kidole, akaswali, akasalimiana na imamu, akaulizwa habari za jicho, akazieleza. Sadiya naye aliswali upande wa wanawake, lakini Mungu amsamehe, kila aliposujudu aliona basi. Alipotoka alimkuta mzee bado anaagana na watu mlangoni, anawaambia anakwenda kupanda treni, nao wanamwombea dua ndefu ya safari njema. Alitamani kulia.

Kasimiro alikuwepo, ameegemea gari lake na uso umefura. "Fundi Sadiya," akasema, "mimi nimekungoja mpaka nimeota ndoto mbili. Na wewe ndiye ulinigombeza nisichelewe."

Sadiya akaingia garini akabana mlango. Kasimiro aliikanyaga ile lami ya Arua kama mtu anayefukuzwa na nyuki, lakini gari haliwezi kuifukuza saa iliyokwisha kupita. Walipofika Dadamu jua limeshatoka, Sadiya akampigia simu kondakta wa basi.

"Mama, tulikungoja kidogo," kondakta akasema, na nyuma yake injini inasikika. "Sisi tumeshapita Bondo."

Kwenye stendi ya mabasi Arua, bodaboda zikawazunguka kama kawaida, kila moja inataka kujua mzee anakwenda wapi. Sadiya aliwafukuza kwa mkono. Akauliza basi linalofuata. Saa mbili, akaambiwa, likijaa. Kampala? Jioni, Mungu akipenda. Na jioni hiyo, alijua bila kuhesabu, treni itakuwa imeshaondoka.

Kasimiro, masikini, hasira zilikuwa zimemwisha. "Pandeni tena," akasema. "Lile basi nalifukuza, mpaka Nebbi nitakuwa nimelikamata."

Sadiya alikuwa ameshashika mlango. Mzee akakataa, akapiga bakora chini. "Hapana! Mimi nataka kupanda treni, hapana kupanda mbinguni. Asante, kijana, rudi nyumbani."

Ndipo Sadiya alipokaa juu ya mfuko wake, katikati ya stendi, watu wanapita wanamtazama, akalia. Alilia kwa hasira. Alimkasirikia Nasiri na jua lake, akaikasirikia Sudani Kusini na minara yake yote, akamkasirikia mzee kwa kukaa kitini na bakora saa nzima kama mgeni aliyealikwa. Lakini kila akizunguka alirudi pale pale, kwenye sauti yake mwenyewe jana usiku: usiniulize saa tena. Mzee aliuliza swali moja la maana kuliko yote, yeye akamkaripia.

Mzee Sebit alimwacha alie. Akanunua chai mbili, akamwekea moja miguuni, akakaa kwenye benchi la mama wa chapati.

"Treni ya kesho iko?" akauliza.

Sadiya akafuta uso na kilemba. "Iko, baba. Asubuhi. Lakini kesho haiwezekani."

"Kwa nini?"

Alisita. Mila ni mila. Lakini mtu aliyekaa chini stendini analia ana mila gani tena ya kulinda? "Baba mdogo alikataza," akasema. "Alisema jua lisikuchomozee ng'ambo ya mto. Ndiyo maana nikapanga twende na kurudi siku moja."

Mzee akakiweka kikombe chini. "Nasiri ndiye alisema?"

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani ni wewe."

"Mimi, baba?"

"Nilidhani ni wewe unataka kurudi haraka, kwa sababu ya cherehani yako. Nikasema, mtoto ana kazi, wateja wanamngoja, na yeye hapendi kuchelewa. Nikasema nisimsumbue, nitakimbia hivyo hivyo." Akatingisha kichwa. "Mbio yote ile! Mimi na miguu hii!"

Wiki tatu za kuhesabu, wateja aliowagombeza! Na kabla hajafungua mdomo simu ikalia, nayo ikawa ni nani? Nasiri.

"Mmefika wapi?" sauti ikauliza. "Mmeshavuka?"

Mzee akanyoosha mkono. "Lete." Akaishika simu mbali kidogo na sikio, vile wazee wanavyoishika. "Nasiri. Ni mimi. Sikiliza. Mimi nilikaa ng'ambo ya mto miaka ngapi? ... Basi. Jua imenichomozea huko mpaka yenyewe ikachoka. ... Nilikuwa kijana, ndiyo. Na sasa ni mzee, na wewe bado ni mdogo wangu. ... Nikifia huko, utakuja kunichukua. Maneno ni yako, safari pia itakuwa yako. Salimia watoto." Akamrudishia Sadiya simu, akaichukua chai yake. "Mpigie yule rafiki yako. Mwambie tunakuja kulala."

"Baba, kwa nini hukuniambia yote haya mapema?"

"Hukuniuliza," mzee akasema.

Walipanda basi la saa mbili, ambalo lilijaa saa tatu. Daraja la Pakwach, lile lililomnyima Sadiya usingizi, walilivuka mzee anakoroma, kofia imemshukia usoni. Kireka waliingia usiku, Juliet akawalaki kwa wali na maharage, na neno pekee alilomwambia Sadiya ni, "Suruali imepasuka, eh?" Sadiya akasema ndiyo, imepasuka.

Asubuhi jua likamchomozea Mzee Sebit ng'ambo ya mto, naye akaamka, akaswali, akaomba sukari zaidi kwenye chai. Kisha Juliet akawapeleka Namanve ili wapande treni mwanzo wa safari, watu bado wachache, wakaingia wote watatu. Sadiya aliingia kwa viwiko. Alikuwa ameshaapa kwamba dirisha atalipata, na alilipata, akamketisha mzee hapo, akakifuta kioo kwa kanga yake mpaka kikang'aa. Treni ikashtuka, ikaanza kwenda. Nje vikaanza kupita viwanda, mabati, migomba, watoto wa shule wanapunga mikono, na nyuma yao wekundu wa asubuhi. Kila kitu alichokitaka kwa ajili ya jicho lile kilikuwa pale.

Akamgeukia baba yake aone furaha yake. Mzee alikuwa amefumba macho.

"Baba," akamgusa. "Tumeanza kwenda. Tazama."

"Mm."

"Baba, fungua macho! Watoto wale, tazama, wanakupungia!" Zile hasira zote za jana zikampanda tena. "Baba, nimekuleta uone! Daktari alisema nini? Fungua macho, tafadhali, itafika mwisho hujaona kitu!"

Abiria wakageuka. Juliet akamshika mkono. Mzee hakufungua macho, alimpapasa tu goti, vile alivyokuwa akimbembeleza akiwa mtoto.

"Nani alisema nataka kuona?" akasema. "Nje ninaijua. Nilisimama nje miaka yote ile na nyundo. Treni inakuja, naruka, inapita na kelele yake, watu wako dirishani, mimi niko kwenye vumbi. Kila siku nilijiuliza, wale wa ndani wanasikia nini? Ngoja nisikie."

Chini yao reli ilikuwa inagonga, taratibu, kisha kwa haraka kidogo. Pembeni mama mmoja amelala kinywa wazi, na vijana wamezama kwenye simu zao. Mzee aliinamisha kichwa, akaliegemeza sikio lake kwenye ukuta wa behewa, na midomo yake ikawa inachezacheza kama mtu anayeitikia.

"Unasikia nini, baba?" Sadiya akauliza baadaye, kwa sauti ndogo.

"Mtu anagonga," mzee akasema. "Mbali. Kumbe tulikuwa tunasikika."

Alisema hivyo, na machozi yakapenya kwenye yale macho yaliyofumbwa, lile bovu na lile zima, sawasawa. Sadiya alikuwa ameshika simu yake, ameshaanza kuangalia basi la kurudi la mchana na la jioni, lipi linawahi. Akaizima, akaitumbukiza mfukoni.

"Baba," akasema, "wewe unataka turudi lini?"

Mzee hakufungua macho.

"Kwani tumefika?"